Tunayemlaumu Ndiye Mwenye Maji

Nimeudhiwa na mtu ninayemheshimu, na kwa kuwa siwezi kumjibu mbele za watu, namjibia hapa. Tulikuwa kahawani baada ya isha. Mifereji mtaani kwetu hapa Mombasa imekauka hata hatukumbuki tangu lini, basi mazungumzo yakaenda kule yanakoendaga siku zote: Mwache, Mwache, lile bwawa linalojengwa Kinango, Kwale, kutuletea maji, litakwisha lini. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandarini, mtu wa safu ya mbele msikitini, akaweka kikombe chini akasema kwa utulivu kabisa: "Hawa Waduruma ndio waliotukalia maji yetu. Kila siku fidia, fidia." Alikuwa na maana ya wenye ardhi ya bonde lile la bwawa, wanaodai walipwe ardhi yao. Na baraza zima likatikisa kichwa kukubali.

Maji yetu. Yetu kivipi, ami?

Chemchemi za Mzima ziko Taita Taveta, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Marere iko Shimba Hills, Kwale. Tiwi, Kwale vilevile. Baricho ni visima vya kandokando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Hayo ndiyo maji ya bomba ya Mombasa, na hakuna hata chanzo kimoja hapo kilicho ndani ya mipaka yetu. Sisi tuna bahari pande zote na mto wa kunywa hatuna. Tuna visima, ndiyo. Aliyekulia Kisauni anajua maji ya kisima yanavyokataa kutoa povu la sabuni, na anajua pia choo cha shimo cha jirani kiko hatua ngapi kutoka hapo. Tumekunywa kwa watu tangu Mwingereza alipoteremsha maji ya Marere, yapata miaka mia sasa, na katika muda wote huo tumefaulu kujiaminisha kwamba anayetunywesha ndiye mdeni wetu.

Chukua bomba la Mzima. Lilijengwa miaka ya 1950, kilomita 220 hivi, maji yanatoka kwenye chemchemi zinazolishwa na mvua ya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkeno. Maji mazuri, wallahi, viboko wanaogelea humo kama watalii. Bomba linateremka kupitia nchi ya Voi na Mackinnon Road mpaka Mazeras. Ukipita barabara hiyo wakati wa kiangazi tazama nje ya dirisha la basi: akina mama na punda na mitungi ya njano, wanatafuta maji mahali ambapo maji yanapita chini ya miguu yao kwenda Mombasa. Mtu akitoboa bomba anyweshe mbuzi wake tunamwita mwizi. Sawa, kutoboa bomba ni kosa, linapasuka, maji yanamwagika na hata wa chini yake hapati. Nakubali. Lakini nilitaka neno hilo la wizi tulitumie pande zote mbili, na sioni likitumika.

Sasa Mwache. Hili ni bwawa la zege, ukuta wa zaidi ya mita 80, katika bonde la mto ambao wengi wetu tunaujua kwa mdomo wake tu, pale kwenye hori tunapopita juu ya daraja la Dongo Kundu tukipiga picha. Fedha zake ni mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2014, wajenzi ni Wachina wa Sinohydro, na lengo lake ni lita milioni 186 kwa siku. Kwenye mpango, sehemu kubwa ni ya Mombasa, na Kwale wanabakiziwa kiasi pamoja na maji ya kunyweshea mashamba. Tarehe ya kukamilika imesogezwa na kusogezwa tena, na kila inaposogezwa mtu fulani anatafutwa wa kubebeshwa lawama. Serikali ni kubwa mno kuilaumu kahawani, Benki ya Dunia iko mbali, basi anayebaki ni mkulima wa Kinango mwenye mikorosho yake.

Hebu tumsikilize huyo mkulima kwa dakika tano. Ardhi ile ni ya Waduruma, na Mduruma kwa mila anarithi kuumeni na kukeni, kote kuwili. Shamba moja lina wenyewe upande wa baba na lina watu wenye neno upande wa mama, na wengi wao hati ya karatasi hawajawahi kuiona. Hati yao ni kaburi la babu liko pale nyuma ya nyumba. Anakuja ofisa na fomu, kwenye fomu kuna mstari mmoja wa jina la mwenye ardhi. Mstari mmoja! Kisha sisi tunashangaa kwa nini mambo yanakwenda mahakamani, kwa nini ndugu wanagombana, kwa nini majina hayalingani. Mnazi una bei yake, mwembe una bei yake, nyumba ya udongo ina bei yake. Kaburi je? Unapewa hesabu ya kumhamisha babu yako, utie sahihi, halafu ungoje. Na unapongoja usipande mti, usijenge, maana panachukuliwa. Wakati huo bei ya shamba kule unakotaka kuhamia inapanda, kwa sababu kila mwenye shamba anajua una fedha zinakuja. Zikifika zimechelewa, hazitoshi nusu ya ulichokuwa nacho. Mtu huyu akisema "nilipeni kwanza", kosa lake nini?

Katiba ya 2010 tunaipenda sana kifungu cha 43, maji safi, salama na ya kutosha ni haki ya kila mtu. Nimekiona kimeandikwa hata kwenye mabango ya maandamano hapa mjini. Mbona hatusogei nyuma kurasa chache tukasoma cha 40? Serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma italipa fidia ya haki, yote, na kwa haraka. Kwa haraka. Hakikusema baada ya miaka, hakikusema mkandarasi akishafika na matingatinga. Aliyechelewesha Mwache ni yule aliyetakiwa kulipa kwa haraka akalipa kwa kusuasua, na sisi watu wa mjini tumemkimbilia aliyenyimwa tukamkemea yeye.

Haya, Mgala muue na haki yake mpe. Najua kuna wajanja waliojipenyeza. Popote fidia inapotajwa madalali hutangulia, wengine wenye nyumba Nyali na mashamba ya karatasi Kinango, wengine wanaootesha miche usiku ihesabiwe asubuhi. Wapo, na ningependa washtakiwe. Lakini angalia hao ni akina nani: wengi wao wametoka huku kwetu.

Kuna pia suala la tope, ambalo sijui kwa nini halizungumzwi. Mwache si Tana. Ni mto wa msimu, mvua ikinyesha unashuka mwekundu kwa udongo wa Kinango uliokatwa miti na kuliwa na mbuzi, ndiyo maana mpango wenyewe una vizuizi vidogo juu ya bwawa vya kunasa mchanga. Vizuizi peke yake havitoshi. Anayeweza kuuzuia udongo ule usiondoke shambani ni mwenye shamba, kwa matuta, kwa nyasi, kwa kuacha miti ya kandokando ya mto. Yaani mtu yuleyule tunayemtukana kahawani ndiye tutakayemtegemea miaka hamsini bwawa lisijae matope. Mkipata njia ya kumfanyia mtu dharau kisha akuchungie tenki lako, nifundisheni.

Na kuhusu mabomba ya mjini sitasema mengi, kwa sababu nitapandwa na presha: karibu nusu ya maji yanayoingia Mombasa yanapotea, yanavuja au yanaibwa au hayalipiwi. Hata mkileta Mwache mbili, zitavujia humo humo.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo na kiandikwe mapema, kabla ukuta haujamalizika, kwa sababu maji yakishajaa hakuna atakayesikiliza. Mfereji wa kwanza ufunguliwe vijijini palepale, kwa walioondolewa na kwa waliobaki kwenye kingo. Si kioski kimoja cha kupigia picha gavana. Bomba, hadi majumbani, hadi shuleni, kabla tone moja halijavuka kuja huku. Pili, kila mita ya ujazo inayouzwa Mombasa iwe na senti zake zinazorudi Kwale, zikatengeneze bonde lile. Taita Taveta wamelilia mgao wao wa Mzima miaka nenda miaka rudi, viongozi wao wanakuja na kuondoka na wimbo uleule, na wamejibiwa kwa kamati. Tusirudie hayo. Wazo hili la senti za Kwale likipitishwa kama tozo kwenye bili, wakubwa wetu wa kaunti watalia kwamba wananchi wataumia.

Wananchi gani? Mimi mtungi wa lita ishirini nanunua shilingi 30 mkokotenini, kiangazi kikikaza 50. Mitungi hamsini ndiyo mita moja ya ujazo, piga hesabu mwenyewe. Boza la maji likija mtaani bei inategemea sura yako. Wekeni tozo ya Kwale kwenye bili yangu, iandikwe kwa jina lake nione inakokwenda, nitalipa bila kinyongo. Mwenye mkokoteni nimemlipa kwa bei yake miaka yote hii, wala risiti hajawahi kunipa.