Sirinji ya dawa ya kunywa isiweze kuingia kwenye kanula

Mama mmoja alikuwa amekaa kando ya mtoto wake njiti. Muuguzi akaja na sirinji mkononi, mama akauliza kwa sauti ya chini, "Sista, hiyo inapita puani au mkononi?" Akajibiwa, "Mama, sisi tunajua kazi yetu." Jibu lile limenikaa rohoni, kwa sababu yule mama aliuliza jambo ambalo kila mtu mle wodini alipaswa kuliuliza.

Mtazame mtoto mwenyewe. Ana kilo moja na ushee. Mrija wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni, umebandikwa plasta shavuni, kanula, yaani kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, iko kwenye mkono mdogo ajabu, na ncha za vyote viwili zimelala kwenye shuka moja, hazijaachana hata shubiri. Halafu tunachukua sirinji ya kawaida ya sindano, ambayo mdomo wake unaingia kote kuwili, tunavuta dawa ya kunywa, na tunamwachia muuguzi wa zamu, saa nane za usiku, akumbuke ipi inaenda wapi.

Dawa ya kunywa haikutengenezwa ipite kwenye damu. Haijatakaswa kama dawa ya sindano, ina sukari na vionjo, na nyingine zina chembe ambazo hazikuyeyuka. Maziwa ndiyo kabisa. Mwaka 2009 huko Madrid, Hispania, mtoto njiti alifariki baada ya maziwa yaliyokusudiwa kwenda tumboni kupitishwa mshipani. Hakuwa wa kwanza duniani kupatwa na hilo.

Kila likitokea jambo kama hili, wakubwa huja na neno lilelile: wauguzi waongeze umakini, wapewe semina. Nimechoka kulisikia. Umakini wa binadamu una mwisho. Mtu akikatishwa kazi katikati na kengele ya mashine ya kitanda cha pili, anaporudi mkono wake unaendelea kabla akili haijafika. Ukimpa sirinji isiyoingia kwenye kanula hata akiilazimisha, utakuwa umemlinda yeye na mtoto kwa pamoja. Kifaa chenyewe ndicho kikatae.

Na si kwamba tunangoja mtu avumbue. Kiwango cha kimataifa cha viunganishi vya mirija ya kulishia, ISO 80369-3, kilitoka mwaka 2016, na vifaa vya ENFit, yaani mirija na sirinji zenye kiunganishi cha kulishia tu, vimejengwa juu yake. Sirinji yake haiingii kwenye kanula. Nyingi hutengenezwa kwa rangi ya zambarau, lakini tusidanganyike na rangi. Rangi haionekani vizuri gizani, umbo la mdomo ndilo linalozuia.

Wanaopinga wana hoja moja ambayo lazima nikubali, ingawa wanaitumia kama kisingizio cha kutofanya lolote. Mdomo wa kawaida wa ENFit una nafasi inayobakiza dawa kidogo, na kwa njiti hicho kidogo ni kikubwa. Chukua mtoto wa gramu 1,200 anayepewa kafeini sitrati, dawa ya kumsaidia njiti asisahau kupumua, miligramu 5 kwa kilo. Hiyo ni miligramu 6, na kwa dawa ya miligramu 20 kwa mililita unapata mililita 0.3. Tone moja likizidi au kupungua hapo, dozi imebadilika kweli. Ndiyo maana zipo sirinji za ENFit zenye ncha maalumu ya dozi ndogo. Ziagizwe hizo.

Hiyo mililita 0.3 ina jambo jingine. Mrija mwembamba wa namba 5 una unene usiofika milimita 2, lakini urefu wake wote unaweza kubeba karibu kiasi hichohicho cha maji. Kwa hiyo sirinji ikishakuwa tupu, dawa inaweza kuwa bado iko njiani, haijagusa tumbo. Mrija ukichomolewa hapo, dozi imeondoka nao, na kwenye chati imeandikwa "amepewa". Lazima usukumizwe maji safi kidogo baada ya dawa, na kwa watoto hawa ambao kila mililita ya maji inahesabiwa, kiasi hicho kiandikwe na daktari akijue. Kinachoniudhi ni kwamba chati nyingi hazina hata mstari wa kukiandika.

Mengine nayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Kuhakikisha mrija uko tumboni kwa kupuliza hewa na kusikiliza hakutoshi. Vuta majimaji upime pH, yaani kiwango cha asidi, na ikiwa 5.5 au chini hapo una msingi wa kusema uko tumboni. Dawa mbili zisichanganywe kwenye sirinji moja, wala dawa isimwagwe kwenye maziwa ya mlo mzima, maana mtoto asipoyamaliza hujui amepata kiasi gani. Kusaga kidonge cha mtu mzima, kukikoroga majini na kuvuta robo yake ni kubahatisha, kwa sababu unga huzama chini na robo ya juu si sawa na robo ya chini. Hiyo ni kazi ya mfamasia, na aletwe wodini aifanye.

Kwa wanaoandika orodha ya vifaa vya wodi: sirinji za dawa ya kunywa za mililita 0.5 na 1 zenye ncha ya dozi ndogo, na mirija inayolingana nazo, viagizwe pamoja. Ukileta kimoja bila kingine, watu watatafuta adapta za kuunganisha, na adapta inayorudisha mdomo wa zamani inairudisha na hatari yake yote. Kama adapta hizo zipo kwenye droo leo, ziondolewe kabla ya zamu ya usiku kuingia.