Vijiji vya Poqueira: watalii wanafuata kijani, nani analipia maji?

Kusini mwa Hispania, upande wa milima ya Sierra Nevada unaotazama Mediterania, kuna korongo la mto Poqueira lenye vijiji vitatu vyeupe: Pampaneira chini, Bubión katikati na Capileira juu, kwenye mita 1,400 na kitu kutoka usawa wa bahari. Wakazi wa vyote vitatu wakijumlishwa hawafiki 1,500. Juu yao umesimama Mulhacén, mlima wa mita 3,479, mrefu kuliko yote katika rasi ya Iberia, uliopewa jina la mmoja wa wafalme wa mwisho wa Granada ya Kiislamu. Eneo zima linaitwa Alpujarra. Kwa mtu anayetaka kutembea kwa miguu, kuona mandhari na kuisoma historia ikiwa bado imesimama mbele ya macho yake, ni vigumu kupata mahali pa kushindana na hapa.

Ubishi uliopo ni kama safari za watalii zinaviokoa vijiji hivi au zinavimaliza. Wapo wanaosema bila wageni vingekwisha kufa zamani. Wapo wanaosema wageni ndio wanaoviua, taratibu, nyumba moja baada ya nyingine. Kila upande una hoja nzito. Tatizo langu nao ni kwamba wote wanahesabu wageni, na mimi naona kinachopaswa kutazamwa kwanza ni maji.

Tuanze na wanaoutetea utalii, maana wana ushahidi wa kushikika. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu waliihama Alpujarra kwa wingi, wakaenda Barcelona na Madrid, na wengine viwandani Ujerumani na Ufaransa. Hawakuondoka kwa kutopenda nyumbani kwao. Mashamba ya korongo lile yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko mikali, na ngazi nyingine ni nyembamba kiasi kwamba trekta haiwezi hata kugeuka. Kazi ni ya jembe, mgongo na nyumbu. Baba akizeeka, na mwana yuko kiwandani, shamba linarudi kuwa kichaka. Ukitembea kutoka Capileira kwenda juu kufuata mto unafika La Cebadilla, makazi yaliyojengwa kwa ajili ya mitambo ya umeme wa maji na baadaye yakaachwa. Kuta zipo, watu hawapo. Ukipita hapo unaelewa wanaposema kwamba kijiji kikikosa watu hakibaki kilivyo, bali kinaanguka.

Jambo hili si la Alpujarra peke yake. Tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu kutoka mikoa iliyohamwa waliandamana Madrid wakidai barabara, shule, madaktari na intaneti. Ndani ya mjadala huo, Poqueira ni miongoni mwa vijiji vyenye bahati. Tangu mwaka 1982 korongo lake linalindwa kisheria kama eneo la kihistoria, na nyumba zake zimeendelea kutunzwa kwa sababu kuna mtu wa kulala ndani yake.

Paa peke yake linatosha kuthibitisha hilo. Nyumba za huku hazina vigae. Juu ya boriti za mbao hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa udongo wa kijivu unaoitwa launa, uliotokana na miamba iliyomomonyoka. Ukilowa hujifunga na kuzuia maji yasipite. Ukikauka hupasuka na kuhitaji kuongezwa mwingine. Kwa hiyo paa la launa linahitaji mtu wa kulipanda, kulikagua baada ya theluji na kuziba nyufa mwaka hadi mwaka. Paa lisilo na mwenyewe halikawii kuvuja, boriti zinaoza, na ukuta wa jirani nao unaanza kulowa, kwa kuwa nyumba hizi zimeegemeana na njia nyingine hupita chini ya vyumba vya juu vinavyounganisha nyumba mbili. Anayerudi kutoka Granada mjini, akakarabati nyumba ya bibi yake na kuipangisha kwa wageni, amelinusuru paa lake na la jirani. Hoja hii siipingi hata kidogo.

Wanaolalamika nao hawasemi uongo. Wageni wengi huja Jumamosi na kwenye sikukuu. Mabasi makubwa husimama Pampaneira, kijiji cha kwanza njiani, watu wakashuka, wakapiga picha za mabomba ya moshi, wakanunua zulia la vitambaa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kisha wakaondoka kabla jua halijazama. Katikati ya wiki wakati wa baridi, kijiji hichohicho kiko kimya. Nyumba zinazofaa kuishi zinapata bei ya mgeni wa wikendi, na kijana anayetaka kuoa na kubaki hawezi kuifikia. Sheria inayolinda sura ya kijiji, ambayo naiunga mkono, inamwongezea gharama maana hawezi kujenga anavyotaka wala kutumia vifaa vya bei rahisi. Mwenye nyumba ya kupangisha atairudisha gharama hiyo kwa wageni. Mkulima ataitoa mfukoni.

Hata hivyo, yote hayo kwangu ni madogo mbele ya suala la maji, na hapa ndipo naomba msomaji avute subira.

Ukiliangalia korongo la Poqueira mwezi Julai, unaona kijani katikati ya Andalusia, mkoa huu wa kusini mwa Hispania, iliyokauka: miti mikubwa ya castaño yenye kokwa za kuchoma, mijozi, mashamba ya mboga, majani ya mifugo. Mgeni anadhani ni asili. Kumbe ni kazi ya mikono, iliyofanywa kwa mamia ya miaka. Wakulima wa Kiislamu wa zama za kati waliichonga mifereji kwenye miteremko, na aliyewahi kuiona mifongo ya Wachaga kule Kilimanjaro hahitaji maelezo marefu: maji yanachukuliwa juu, yanatembezwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, yanagawiwa kwa zamu, na kuna mtu mwenye dhamana ya kuyafuatilia. Huku mfereji unaitwa acequia na mgawaji wake acequiero.

Sierra Nevada ina aina moja ya ajabu zaidi, acequia de careo. Theluji inapoyeyuka majira ya kuchipua, mfereji huu hauyapeleki maji shambani. Unayachukua kutoka kwenye vijito vya juu na kuyamwaga mlimani, mahali maalumu ambapo wazee walijua ardhi inayanywa. Maji yanazama, yanapita ndani ya mwamba polepole, kisha wiki au miezi baadaye yanatokeza chini kwenye chemchemi, wakati theluji imekwisha na kila mtu ana kiu. Hakuna bwawa, hakuna pampu.

Wahandisi wengi wa umwagiliaji wamekuwa wakihimiza mifereji ya udongo itiwe saruji au ibadilishwe kwa mabomba, kwa sababu inavuja. Kweli inavuja, na kwa shamba la kibiashara kule bondeni naielewa hesabu yao. Ila mlimani uvujaji huo ndio unaonywesha miti ya castaño iliyojipanga kando ya mfereji, unaolisha chemchemi za kijiji cha chini na kuilowesha nyasi wanayokula wanyama. Ukiutia mfereji saruji, tone halipotei, na baada ya miaka kadhaa miti ya kandokando inaanza kukauka kuanzia matawi ya juu. Njia za miguu zinazopendwa zaidi na wageni, zile zenye kivuli na sauti ya maji pembeni, zimefuata mifereji hii hii.

Sasa mfereji wa udongo lazima usafishwe kila mwaka kabla maji hayajaachiliwa. Majani, mawe yaliyoporomoka, mizizi, matundu ya panya, vyote huondolewa kwa sepetu na mikono. Kazi hiyo na gharama yake iko juu ya jumuiya za wamwagiliaji, yaani wenye mashamba wenyewe, na wengi wao wamezeeka. Hapo ndipo utalii na mfereji vinapokosana. Kijiji kinaweza kujaa wageni, mikahawa ikafanya biashara nzuri, nyumba zote zikawa na mapaa mazima, na bado mfereji ukafa, kwa kuwa kijana aliyepaswa kushika sepetu anabeba sinia, na kwa saa zilezile anapata fedha zaidi. Anayefaidika na kijani ni mwenye hoteli. Anayekilipia ni mzee mwenye bustani ya viazi. Takwimu za wageni haziwezi kukuonyesha jambo hilo.

Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wamwagiliaji na watu wa kujitolea, tangu mwaka 2014 kimekuwa kikifufua mifereji iliyoachwa, ikiwemo ya Cáñar, kijiji jirani wa Poqueira. Nawaheshimu sana waliopanda na sepetu zao. Lakini mfereji uliofufuliwa leo utaziba tena mwakani usipokuwa na mwenyewe. Ukame ulioibana Andalusia mwaka 2022 na 2023, na theluji inayopungua, vimeufanya ujuzi huu kuwa wa thamani kuliko wakati wowote ninaoukumbuka.

Kuna pingamizi moja dhidi ya msimamo wangu ambalo nalichukulia kwa uzito. Mtu wa Capileira anaweza kuniuliza: wewe unayependa mfereji wetu, mwanao utamwambia aache kazi ya ofisini aje alime kwenye ngazi ya mita tatu? Babu zetu walikimbia shida, na sasa mnataka tuishi ndani ya picha yenu? Ana haki ya kuuliza. Simdai abaki mkulima. Ninachosema ni kwamba kazi inayowapa wengine riziki haifai kuachiwa mzee aifanye kwa gharama yake, halafu ikifa tuseme vijana ni wavivu.

Historia nayo inauzwa nusunusu. Madukani kuna taa za vioo na mapambo ya Kimoroko, na mgeni anaambiwa kijiji ni cha Wamoro, yaani Waislamu wa zamani wa Hispania, basi. Yaliyotokea ni makali zaidi. Granada iliposalimu amri kwa Wakristo mwaka 1492, Waislamu waliahidiwa kubaki na dini yao, na ahadi ile haikudumu hata miaka kumi. Walibatizwa kwa lazima. Mwaka 1567 mfalme Felipe II aliwapiga marufuku kutumia Kiarabu, mavazi na desturi zao. Wakati wa Krismasi ya 1568 waliasi, na Alpujarra ikawa kitovu cha vita hadi 1571. Makumi ya maelfu walihamishwa kwa nguvu kwenda Castilla, na kati ya 1609 na 1614 waliobaki Hispania, watu wapatao 300,000, wakafukuzwa nchini. Mashamba yao walipewa walowezi, wengine kutoka mbali kama Galicia. Husimuliwa kwamba familia chache za wenyeji ziliachwa ziwafundishe wageni hao kuendesha mifereji na kulea nondo wa hariri kwenye miforsadi.

Kila Septemba huko Válor, mashariki mwa Poqueira, wenyeji huigiza vita vya Wamoro na Wakristo uwanjani. Mwislamu anayetoka pwani yetu huenda ikamchoma kutazama. Ningemshauri atazame, kisha siku ya pili atembee kwenye mfereji, maana huko ndiko walikobaki wale waliofukuzwa, na bado wanawalisha waliochukua mahali pao.

Kwa anayepanga kwenda: Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri, na Agosti ndiyo ya kukwepa. Basi kutoka Granada hupitia Lanjarón na Órgiva, kisha hupanda kwa kona nyingi. Lala Bubión au Capileira, tena katikati ya wiki ukiweza. Kiangazi kuna basi dogo linalotoka Capileira kupeleka wapandaji hadi karibu mita 2,700, kwa kuwa magari binafsi hayaruhusiwi juu huko. Kutoka hapo Mulhacén ni mwendo wa saa tatu hivi, na upepo wa kileleni ni baridi hata Julai. Sehemu ya juu ya milima ya Sierra Nevada ni hifadhi ya taifa tangu 1999, hekta zipatazo 86,000 zenye aina zaidi ya 2,000 za mimea, kama 80 kati yake haimo popote pengine duniani. Usiyemla nguruwe uliza kabla ya kuagiza, kwa maana sahani maarufu ya hapa imejaa nyama yake. Samaki wa mtoni, jibini ya mbuzi, lozi na asali vipo. Na ukikuta geti dogo la mfereji limefungwa au limefunguliwa, liache ulivyolikuta. Ni zamu ya mtu.

Tabia njema ya mgeni, hata hivyo, haitoshi. Catalunya na visiwa vya Baleares vinamtoza mgeni ada kwa kila usiku anaolala. Andalusia haina ada hiyo. Ningeanzia hapo: ada ndogo katika vijiji vya mlimani, isiyoingia kwenye mfuko mkuu wa mkoa wala kwenye matangazo ya utalii, iende moja kwa moja kwa jumuiya za wamwagiliaji ili acequiero awe na mshahara wa mwaka mzima. Wenye nyumba za wageni watasema miezi yao mitupu ni mingi mno kubeba mzigo mwingine, na kwa Januari wana haki. Basi isitozwe Januari. Itozwe wikendi za Agosti, vyumba vinapojaa na maji yanapokuwa machache, na anayeshuka kwenye basi bila kulala alipe kwenye maegesho, kwa sababu yeye naye amekifuata kijani hichohicho.