Kamba Hii au Kamba Huyu?

Wakuu, najua mmeshasikia. Jamaa yangu hana kifua. Jambo likiingia sikioni mwake saa mbili, saa tatu kundi zima limeshacheka na kuweka stika. Toleo lake linasema nililia sebuleni kwake kwa sababu ya kuku. Sikulia. Macho yalikuwa yamechoka na skrini, na kuku alikuwa tatizo moja tu kati ya tisa. Acheni niseme mwenyewe kabla hajaongeza chumvi nyingine.

Mimi ni mgeni kwenye mambo ya kripto, yaani sarafu za kidijitali, tena mgeni wa mlangoni. Kwa muda mrefu niliamini ukitaka Bitcoin lazima ununue nzima, kwa hiyo nikawa naiangalia kwa mbali kama watu wanavyoangalia ndege ikipaa. Kumbe moja inagawanyika vipande milioni 100, na kila kipande kinaitwa satoshi, kwa jina la yule Satoshi Nakamoto aliyetoa andiko la Bitcoin mwaka 2008, kisha akatoweka na hadi leo hajulikani ni nani. Kumbukeni hilo la kujificha, nitalirudia.

Jamaa akanishauri nianze na USDT, sarafu ya kripto ambayo thamani yake inafuata dola, kwa hiyo haikupi presha. Nikajiandikisha kwenye soko la mtandaoni la kununulia kripto. Kamera ikaniambia geuza uso kushoto, geuza kulia, fumba macho, fungua mdomo, ikanikataa mara nne. Ya tano ikanikubali nikiwa nimenuna, na picha hiyo ndiyo iliyobaki kwenye akaunti yangu. Nikanunua USDT 50. Nikajiona tajiri wa kidijitali.

Shida ilianza jamaa aliponiambia, "Kaka, hela ikikaa sokoni funguo anazo mwenye soko. Fungua pochi yako mwenyewe." Pochi yenyewe ni programu ya simu ya kutunzia kripto. Nikafungua. Pochi ikaniletea maneno 12 ya Kiingereza yamepangwa kwa namba, na onyo lenye rangi nyekundu: yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, usimpe mtu, ukiyapoteza hakuna atakayekusaidia. Hakuna ofisi, hakuna namba ya kupiga. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye hela, popote alipo.

Mtu mwenye akili angeyaandika yale maneno kama yalivyo. Mimi nikakaa nikawaza kama jasusi. Je, mwizi akiikuta karatasi? Wezi wa kripto ninaowasikia wote wako mbali huko, wanasoma Kiingereza. Basi dawa ni nini? Kutafsiri! Nikayaandika maneno yote 12 kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri, nikajipongeza, nikafunga daftari. Ya Kiingereza sikuyaandika popote. Nilikuwa nawaficha watu wa mbali kitu ambacho kila anayeingia chumbani kwangu angeweza kukisoma kwa sauti.

Haya ndiyo maneno yangu: mbuzi, panda, meza, kuku, ua, mkono, baiskeli, kesho, twiga, tuna, kamba, pole.

(Nawaona mnaonakili pembeni. Msijisumbue, pochi hiyo sasa ni ganda.)

Nikahamishia USDT zangu humo kwa mtandao wa Tron, mmoja wa mitandao inayopitisha sarafu hizi. Anwani yenyewe ina herufi na tarakimu 34 na inaanza na T. Niliihakiki herufi moja moja, jasho likinitoka kama nategua bomu. Ikafika, nikaiona, nikalala usingizi wa amani. Wiki kadhaa baadaye nafungua pochi, salio halionekani. Baadaye ndipo nikajua kwamba USDT ilikuwa imefichwa tu kwenye orodha ya sarafu, unabonyeza kitufe kimoja inarudi. Lakini wakati huo nilijua tiba moja ya programu yoyote inayosumbua: futa, pakua upya. Nikafuta.

Nikapakua upya. Ikaniuliza maneno 12.

Nikachukua daftari kwa madaha. "Mbuzi" nikaandika "goat", ikakubali. Panda nikaandika "climb", ikakubali. Meza, "table". Kuku, "chicken". Nikateleza vizuri mpaka kwenye kamba. Nikaandika "rope". Programu ikaweka mstari mwekundu. Nikajaribu "string". Mwekundu. Maneno haya yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2048, inaanza na "abandon" inaishia na "zoo", na kamba ya kufungia haimo. Nikakaa nikimtazama kamba. Kamba. Kamba gani niliandika mimi? Dakika ishirini zikapita ndipo nikakumbuka kamba wa baharini. "Shrimp". Ikakubali! Nikaruka. Nikamalizia "sorry", nikabonyeza.

Ikasema mpangilio wa maneno si sahihi.

Nikabadilisha "climb" nikaweka "ride", maana hata baiskeli unaipanda. Si sahihi. Nikarudisha, nikabadilisha mkono: "arm" ukawa "hand". Nikabonyeza. Kimya kidogo, duara likazunguka, kisha skrini ikang'aa: karibu kwenye pochi yako. Moyo ukapanda mpaka kooni. Nikashuka na kidole taratibu mpaka kwenye salio.

0.00.

Ndugu zangu, hakuna aliyeniambia kwamba maneno 12 yakipangika vizuri kihesabu yanafungua pochi hata kama si yako. Neno la mwisho limebeba ukaguzi ndani yake, na ukibahatisha, kama moja kati ya majaribio 16 linapita. Linapita, linakufungulia nyumba mpya kabisa ambayo haijawahi kuingiwa na mtu, na wewe unasimama katikati ya sebule tupu ukidhani wezi wamebeba hadi mapazia.

Nikaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa zote: NIMEIBIWA.

Ndani ya dakika tano nilikuwa na wataalamu watatu wa kurejesha fedha kwenye ujumbe wa siri, sijui nani aliwaita. Mmoja, mwenye picha ya mtu kavaa suti, akaniambia kwa Kiingereza nimtumie maneno yangu 12 tu, yeye atamaliza kazi. Hapa ndipo jamaa yangu anapocheka zaidi, kwa hiyo nisifiche: nilimtumia. Nilikuwa nimechanganyikiwa! Nilimtumia kama yalivyo kwenye daftari, mbuzi hadi pole. Baada ya robo saa akarudi akiuliza "mbuzi" ni nini. Sikujibu. Akauliza na "twiga". Kisha akanizuia yeye mimi. Kwa hiyo msiniambie mfumo wangu wa ulinzi haukufanya kazi.

Jamaa akanipigia, akaniambia nyamaza, njoo na daftari. Nilipofika alikuwa ameshaichukua anwani yangu kutoka kwenye kumbukumbu za nilipotoa hela sokoni, akaiweka kwenye ukurasa wa kusoma miamala ya Tron, ambao uko wazi kwa yeyote. Akanigeuzia simu. USDT 50 zimekaa kimya, hazijaguswa. "Hujaibiwa," akasema. "Hela hii hapa. Wewe unaiona, mimi naiona, dunia nzima inaiona. Hakuna anayeweza kuigusa, na wewe umo." Satoshi alijificha yeye, akaiacha kazi yake hadharani. Mimi nilibaki hadharani, nikaificha hela.

Sasa basi. Sebule. Shemeji kakaa kwenye kochi, binti yao wa darasa la nne anafanya kazi ya shule mezani, jamaa kashika kalamu na karatasi kama karani wa mahakama. Akasema, soma neno moja moja, tuone kila moja lina maana ngapi.

"Mbuzi."

"Moja. Endelea."

"Panda."

"Kupanda juu au kupanda gari? Mbili. Endelea."

"Meza."

Akainua kichwa. "Meza ya kulia, au meza dawa?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Akafungua orodha: "table" imo, na "swallow" imo. Akaandika mbili. Kuku wakawa wawili vilevile, "chicken" na "hen". Mkono ni "arm" au "hand"? Akanitazama mikono yangu kana kwamba jibu liko pale. Baiskeli nikadhani tumepona. Hapana. Orodha ina "bike" na ina "bicycle". Maneno 2048 duniani kote, na wao wakaona baiskeli ziwe mbili! Mbaya zaidi, zipo orodha rasmi za Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiitaliano na Kicheki. Kiswahili hamna. Ningekuwa Mcheki nisingekuwa pale sebuleni.

"Ua," nikasoma.

"Ua hili au ua huu?"

Kimya. Niliangalia daftari. Nilikuwa nimeandika "ua", herufi mbili, bila hili wala huu. Hili ni la kunusa, "flower". Huu ni wa nyuma ya nyumba, "yard", au ule wa kuzungushia, "fence". Akaandika tatu. Kalamu ilisikika.

"Kwa ule wa kuzungushia kwa nini usiseme uzio?"

"Halikunijia."

"Endelea."

"Kamba."

"Hii au huyu?"

"Huyu," nikasema kwa kujiamini, maana hilo nilishalifanyia utafiti. Akatafuta, akaniambia huyu naye yuko wa aina mbili, mdogo "shrimp" na mkubwa "lobster". Mbili.

"Tuna."

"Tuna nini?"

"Tuna tu."

"Tuna shida," akasema shemeji kutoka kwenye kochi. Jamaa akaandika "have", moja, bila kucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba anacheka.

"Kumi na mbili. Pole."

"Asante," akajibu shemeji.

Jamaa akazidisha. Jumla 192. Na msiniambie kuna programu ya kuzijaribu zote kwa mkupuo. Siku hiyo nilikuwa nimeshampa mtu wa suti, ningemwamini nani tena? Tukaanza kuandika kwa mkono, saa kumi jioni. Yeye anachapa, mimi napiga alama. Zilizofunguka zilikuwa kumi na tatu. Kila ikifunguka tulinyamaza wote, hata shemeji, duara linazunguka, kisha sifuri. Kumi na tatu, sifuri zote. Tulipofika ya 192 ilikuwa saa nne usiku na hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake.

Binti alishapelekwa kulala zamani. Akatoka kuja kunywa maji, akapita nyuma yangu, akasimama, akasoma daftari.

"Anko, kwani panda si yule mnyama mweusi na mweupe?"

Nitawaambia kilichotokea kwa mpangilio. Kwanza jamaa aliacha kuchapa. Kisha shemeji aliweka simu yake pajani. Kisha mimi, ndani ya kichwa changu, nikarudi usiku ule naandika, nikajiona kabisa: nimefika neno la pili, nimeona "panda", nikatabasamu, nikasema moyoni, hili limeshakuwa Kiswahili, sina haja ya kulitafsiri. Nikalinakili lilivyo. Na la kumi, "tuna", nikasema kumbe hawa jamaa wanakijua Kiswahili. Samaki wa kwenye kopo! Na la mwisho, "pole", nguzo, nikaona ni pole ya kunipa moyo. Maneno matatu niliyapata bure, hayo hayo matatu nikajibebesha kuyatafsiri.

"Mama, anko analia?"

Sikuwa nalia. Msimsikilize.

Yaliyofuata ni mafupi. Zilibaki 96, ya 41 ikafungua, meza ilikuwa ya kumeza, ua ulikuwa uzio, kuku ni "hen". Salio likaja 50. Nikataka kuhama hapohapo kwa sababu ya yule wa suti, ikagoma: kwenye Tron ada inalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo wenyewe, na mimi nilikuwa na TRX sifuri. Jamaa akanitumia zake kidogo, nikahama, nikapewa maneno 12 mapya, nikayaandika kwa Kiingereza mbele ya mashahidi, ila yeye aligeuza uso kama anavyotakiwa.

Kundi limebadilishwa jina, sasa linaitwa Ua Huu. Na asubuhi ya leo, saa moja, simu imeita kwa namba ya jamaa, nikapokea nikiwa tayari kutukanana, nikakuta sauti ndogo.

"Shikamoo anko Panda. Baba anauliza, yale mapya ulishayatafsiri?"