Kofia Haishuki Bei kwa Sababu Naishona Nikicheka

"Wewe si unapitisha wakati tu? Bei yote hiyo ya nini?"

Kaniambia mtoto wa ami yangu, Jumapili ya juzi, kakaa barazani kwangu, mkononi chai ya mchaichai niliouchuma uani, mbele yake sahani ya bajia na chatne ya embe mbichi niliyoitwanga mwenyewe. Kaja kuulizia kofia ya kiua, ile nyeupe ya matundu ninayoishona kwa mkono. Tumo Shaaban, harusi zinagongana kuiwahi Ramadhani, naye kaalikwa huku na huku. Nikamtajia bei. Kacheka, kasema Darajani, pale sokoni mjini Unguja, anapata kwa robo yake.

Basi si uende. Soko lile liko pale tangu 1904, halijahama.

Sikumwambia hivyo, maana ni mkubwa wangu na bajia zangu zilikuwa bado mdomoni mwake. Nikasema, "Haya kaka, Mungu akipenda tutaangalia." Lakini moyo haukutulia, na nyinyi mnanijua, kisichotoka mdomoni kwangu kinatokea hapa.

Hebu tukiangalie hicho kinachopitishwa. Kaskazi hii, msimu wetu wa joto, jua likishafika usawa wa paa hakuna mmea utakaokusikiliza, kwa hiyo bustani ni ya alfajiri. Naiita bustani kwa heshima tu. Ni ndoo za rangi zilizotobolewa chini na kipande cha ardhi baina ya ukuta na tangi. Mfereji unatoa maji ukipenda, basi maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia mboga yote yanakwenda huko. Mchicha kwa joto hili haukawii kutoa mbegu, ukiuchelewa kidogo umeshakuwa wa kuku. Tungule msiniulize. Bamia haina makuu. Mrehani ndio unaotoka zaidi: mtaa mzima unakuja kuchuma wa vikuba, vile vishada vya kunukia, wengine wanabisha hodi, wengine nawakuta wameshainama. Sina neno. Sikuupanda unukie nyumba moja.

Kisha achari. Embe tele na upepo mkavu, ndio wakati wake. Jumamosi tulikata embe mbichi kapu zima, tukazitia chumvi na manjano, tukazianika juu ya paa, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, ya kulinda kunguru. Kunguru hawa waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, eti waje kula taka za mji. Mwenye fikra hiyo namuombea Mungu, maana wajukuu wa wale ndege hawataki taka tena, wanataka embe zangu. Nimefunika chandarua, nimemuweka mtoto na fimbo, na bado mmoja kaondoka na kipande, kakaa juu ya nguzo ya umeme, anakula huku ananitazama. Wamepigwa vita na serikali zaidi ya mara moja. Wapo.

Sasa mwanamke aliyeshika manjano kutwa, kesho yake anataka kushika kitambaa cheupe. Jaribu uone. Rangi inaingia chini ya kucha, na kaskazi mkono unatoa jasho, na jasho likikutana na uzi mweupe, huo uzi hauwi mweupe tena. Ningejivika mifuko ya plastiki mikononi, lakini ilipigwa marufuku hapa kwetu tangu 2006, na kwa hilo siwalaumu. Kwa hiyo ni ndimu na sabuni mpaka vidole vichubuke, kisha poda kidogo viganjani, ndipo nikae barazani na kofia wakati mwanga bado mzuri. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ukishona gizani unashona ujinga.

Wanaume wetu wanavaa kofia tangu wadogo wanapokwenda chuoni kusoma Kurani, na nadhani wengi hawajawahi hata siku moja kuigeuza wakaitazama ndani. Igeuzeni. Ya mashine mtaona nyuzi zimetapakaa, na hivyo vinavyoonekana nje kuwa viua, vingi havitoki upande wa pili, ni mapambo ya juu juu. Ya mkono, kila kiua ni tundu kweli. Ua limechorwa kwanza kwa penseli, kwenye duara la juu na kwenye ukanda wa pembeni. Likapitishwa mshono. Halafu kila tundu likatobolewa na kuzungushiwa uzi, likakazwa, ndipo ukahamia la pili yake. Matundu hayo hayahesabiki, na moja likilegea linawaharibia sura wenzake wote. Ndio maana kofia ya mkono mtu anaivaa msikitini saa saba mchana wa Januari na kichwa chake kinapumua. Ile ya mashine humo ndani ni jiko. Kaka yangu atasimama harusini anajipangusa jasho kwa kitambaa cha mfukoni, kisha atasema mwaka huu joto limezidi.

Kofia moja nzuri, kwa mtu mwenye watoto na sufuria jikoni, inakula wiki, na ua likiwa zito inavuka mwezi ikaingia wa pili. Na mara nyingi haishonwi na mtu mmoja. Yuko mwenye mkono wa kuchora, yuko wa mshono, yuko wa viua, kila mmoja na chake kidogo. Wengi wa hao ni wanawake ambao ukiwauliza wanafanya kazi gani, wao wenyewe watakwambia "nipo nyumbani tu." Nalisikia neno hilo na natamani kupiga meza. Upo nyumbani tu, na kofia yako inakwenda kusimama mbele ya kadhi! Mfanyabiashara aliyeichukua kwako anaiuza kwa bei yake na haoni haya, hakuna anayemwambia anapitisha wakati. Kitu kile kile kikiwa mkononi mwa aliyekishona ni mchezo, kikifika dukani ni mali. Tumeyaona haya kwenye mwani. Tangu ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, waliojaa ndani ya maji ni akina mama, migongo imepinda, na bei inapangwa na mtu asiyelowana.

Haya, nikubali kidogo, nisije nikaitwa mkorofi. Kofia za mashine zina kazi yake. Mtoto anayeipoteza kila wiki huwezi kumvisha kazi ya miezi miwili, na asiye na uwezo naye ana haki ya kusali Idd kichwa kimefunikwa. Ya mashine mnunue, sikatazi. Ninachokataa ni kuiweka kwenye mizani moja na yangu, ukaniambia mbona yule kapunguza. Halafu mashine nayo ina mambo yake. Nani kasahau kile kiza cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima haina umeme, na ilikuwa kaskazi vile vile? Sindano ya mama yangu haikusimama hata asubuhi moja.

Na la pili nakubali, hili ndilo linaloniuma kulikubali: ni kweli napenda. Nikikaa pale barazani na uzi wangu, redio chini, jirani anapita tunasalimiana, roho yangu inatulia kuliko mahali popote. Kaka yangu hakusema uongo kwamba napumzika. Lakini mvuvi naye anaipenda bahari, mkimkataza kwenda ataumwa, na sijamsikia mtu pale Malindi ya hapa mjini, kwenye soko la samaki, akimwambia mvuvi nipe huyo samaki changu kwa robo bei kwa kuwa ulikuwa unafurahi ulipomvua. Kwa nini furaha ya mwanamke ndiyo iwe punguzo la mteja?

Kaka yangu aliondoka na chupa ya achari. Ile ya mwanzo ya msimu, ya kupimia chumvi. Nimempa mwenyewe, sikutaka hata senti, na akirudi kesho nitampa nyingine. Mrehani nimempa mkewe. Mchicha uliobakia nimempa pia. Nikikupa nimekupa, huo ni undugu na sitauandikia hesabu. Siku nikitaka kumpa kofia nitamfungia vizuri, nitampelekea mpaka mlangoni kwake, na hatosikia bei. Lakini yeye hakuja kuomba zawadi, alikuja kununua, akataka bei ya mnunuzi ishuke kwa jina la undugu. Hayo mambo mawili, jamani, tusiyachanganye. Angesema "dada, mfuko wangu haufiki," tungeelewana. Tungetafuta ua jepesi, au angelipa kidogo kidogo mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishakwisha. Kasema napitisha wakati.

Kwa hiyo, kwa wote wanaoniulizia tangu juzi: ya Idd hii mmeshachelewa, mkono umejaa. Nachukua za Idd Kubwa. Nusu ya pesa mbele, mzunguko wa kichwa mje mpimwe wenyewe, msinitumie kipimo cha kukisia. Bei hainung'uniki na mimi sinung'uniki nayo. Chai ipo, bajia zipo, achari nayo ipo, ukitaka chupa beba.