Mkubwa yuko semina

Wiki iliyopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alirudi kwangu hapa Chicago jioni, hata koti hajavua, akafunua sufuria na kuniambia, "Mjomba, leo nimeshika faili la mtu aliyekufa kabla mama hajazaliwa." Nikamwambia ale kwanza. Kusema kweli nilishakabwa na wivu.

Yuko mwaka wa pili, chuo kidogo cha Iowa. Mwalimu wao amewaleta watoto kumi na wawili mjini kwa wiki tatu wakasomee Maktaba ya Newberry. Wanaiita semina. Kwetu semina ni posho, chupa za maji, sambusa mbili na bango la kitambaa nyuma ya mgeni rasmi. Hii yao ni meza moja, mwalimu mmoja na maboksi ya karatasi. Mkoba unaacha kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, unanawa mikono, unapewa penseli. Kitabu kikongwe kinalazwa juu ya mto wa sponji, kama mtoto mchanga. Basi.

Faili lenyewe lilikuwa la mhudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, maana nyaraka za kampuni ile ziko pale. Wahudumu wale walikuwa watu Weusi, na abiria wengi waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, kiongozi wao A. Philip Randolph, na wakavutana na kampuni miaka kumi na miwili mpaka mkataba ukasainiwa 1937. Hayo utayapata kitabu chochote. Ila mpwa wangu alikutana na mstari mmoja wa msimamizi: mtu huyu ameonywa kwa kumjibu abiria. Mwalimu akawauliza, "Alijibu nini?" Karatasi haisemi. Wakakaa saa nzima na swali hilo. Nani aliandika mstari huu? Kwa nini maneno ya abiria hayapo? Kwa nini kampuni ilitunza kosa la mtu miaka yote hiyo?

Ana miaka kumi na tisa.

Sasa mimi. Nilisoma historia, shahada nzima, chuo sikitaji. Tasnifu yangu ilihusu mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa 1947, ule uliowavuta na watu wa reli ukaenda mpaka bara. Sikuuchagua bure. Babu yangu alikuwa kuli. Nilitaka karatasi moja tu ya wakati ule, hata orodha ya mishahara, nione Mzungu aliandikaje kuhusu watu kama babu. Nikaenda ofisi moja yenye kumbukumbu. Siku ya kwanza nikaambiwa nilete barua ya utambulisho. Siku ya pili barua haina muhuri. Siku ya tatu muhuri upo, lakini barua haikuelekezwa kwa mkubwa. Siku ya nne mkubwa yuko semina (ile ya sambusa). Siku ya tano amerudi, ila faili liko kwa mkubwa. Faili la makuli wa 1947 linafanya nini mezani kwa mkubwa?

Nikaandika kwa madesa. Kopi ya kopi ya sura ya kitabu, mashine imekata maneno yote ya pembeni kushoto, nayakisia. Nikapata B+ kwa kunukuu watu walionukuu watu waliowahi kuliona faili.

Najua mnavyosema huko kwenye magrupu. "Mbeba boksi kaanza. Kakaa Marekani miaka tisa anajiona." Sawa, boksi nabeba, tena zamu ya usiku, na sijawahi kudanganya mtu kwamba nina ofisi. Wala sisemi hawa ni malaika. Chuo cha mpwa wangu kina ada ambayo ningeitaja mngedhani nimekosea sifuri, na bila ufadhili asingekanyaga. Na hiyo Newberry ina hazina kubwa ya vitabu na maandishi yanayohusu wenyeji wa asili wa Amerika, watu walionyang'anywa ardhi na nchi hii hii inayowatunzia karatasi zao kwa upole wa ajabu. Nayaona yote hayo.

Mwingine ataniambia ni pesa. Walter Newberry alikuwa tajiri wa Chicago, akafia baharini mwaka 1868 (watu husimulia kwamba mwili ulirudishwa ndani ya pipa la ramu, shauri yao), binti zake wawili wakafa bila watoto, ndipo nusu ya mali ikazaa maktaba mwaka 1887. "Tutajie tajiri wa Kariakoo atakayefanya hivyo!" Haya, sina. Lakini hebu tupige hesabu ya kilichomgusa mpwa wangu: meza, penseli, sabuni, sponji. Godoro moja la Mbagala linatoa mito ishirini. Majengo tunayo. Pale Mlimani limefunguliwa jumba la maktaba mwaka 2018 lenye nafasi ya wasomaji 2,100. Na karatasi tunazo, tena za kuringia. Kumbukumbu za enzi ya Mjerumani zimo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997, na maandishi ya Kiarabu ya Zanzibar tangu 2003. Dunia imekubali ni mali. Anayesubiri kuambiwa ni mwanafunzi wa mwaka wa pili.

"Wataiba." Hili ndilo linaniudhi kuliko yote. Tunamwogopa mtoto wetu mwenye penseli, wakati nyaraka zinaliwa na mchwa mbele ya macho yetu. Newberry nao hawaazimishi kitabu kikatoka nje, na msimamizi amekaa pale anakutazama. Wanalinda sana. Ila kadi ya msomaji ni bure, na hawakuulizi barua ya mkuu wa idara.

Na kuna kitu hawana, nitawavimbia kidogo. Bibi yangu wa Tanga alikuwa na utenzi kwenye sanduku la nguo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akiusoma kwa sauti mpaka majirani wanakuja kukaa barazani. Hakuna aliyenawa mikono wala aliyeomba kadi. Mpwa wangu nilipomsimulia, swali lake la kwanza likawa sanduku liko wapi. Nikasema kwa shangazi. La pili, kwa nini kwenye tasnifu yangu sikulitaja. Nikanyamaza, maana miaka ile sikujua kama sanduku la bibi ni kitu cha kusomea shahada. Hakuna mwalimu aliyetukalisha watu kumi na wawili akauliza nani ana karatasi ya zamani kwao.

Akamaliza wali, akauliza la tatu. "Na karatasi ya babu yenu wa bandarini?"

Desemba nakuja likizo. Barua nimeandaa tatu, zote zina muhuri, moja imeelekezwa kwa mkubwa kwa cheo chake kamili. Akiwa semina nitamsubiri pale pale kwenye benchi.