Depoziti Yangu Iligeuka Deni la Shilingi 670

Hesabu yenyewe ilikuwa kwenye ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule. Keateka, yule msimamizi wa ploti, aliupiga picha akanitumia kwa WhatsApp usiku, saa ambazo watu wazima hutumiana habari za msiba. Nilikuwa nimehama bedsita (chumba kimoja chenye jiko na bafu ndani) mtaani Zimmerman, Nairobi, ile ya chini kabisa karibu na geti. Notisi ya mwezi nilitoa kwa maandishi, kodi nilimaliza, funguo zote mbili nikarudisha na keateka akatia sahihi. Kwa mwenye nyumba nilikuwa nimeacha depoziti tatu: ya nyumba 13,000, ya stima 2,000 na ya maji 1,500. Jumla 16,500.

Ukurasa ulisema hivi: rangi ndoo 2 za lita 20 kwa 3,800, 7,600. Fundi wa rangi 3,000. Kioo 1,200. Kuzibua sinki 1,500. Mashimo ya misumari 4 kwa 300, 1,200. Kitasa 1,250. Usafi 1,000. Maji ya mwezi wa mwisho 420. Jumla 17,170. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Unadaiwa 670. Tuma kwa namba hii. Mungu akubariki."

Mwenye nyumba wa Nairobi mwenye uzoefu hukurudishia angalau elfu moja, upate nauli na usilie sana mbele ya majirani. Huyu wangu alipitiliza kituo. Nadhani keateka aliorodhesha mahitaji yote ya ploti, akajumlisha, na hakuna aliyemwambia anatoa kwenye ngapi.

Sasa, ukitaka kupigania pesa kama hizi, swali la kwanza ni mlango gani wa kubisha. Watu hukimbilia kutaja mahakama ya kodi za nyumba, ile Rent Restriction Tribunal, lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo, kwa 2,500 utapata chumba cha mabati na mlango wa kufungwa kwa waya. Mlango unaofaa zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na ambayo Milimani ilifungua milango mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya pesa ambazo mtu anakushikia, na depoziti ni hiyo hasa. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Sikuenda huko. Niliandika barua ya kurasa mbili nikaitaja. Barua ya madai yenye jina la mahakama, kifungu cha sheria na tarehe ya mwisho hufanya kazi ambayo kelele za getini hazifanyi. Kifungu nilichotia ni cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012: mpangaji anarudisha nyumba katika hali aliyoipokea, lakini uchakavu wa kawaida si mzigo wake. Niliambatanisha meseji za M-Pesa za depoziti zote tatu (ukizifuta, *334# itakupa taarifa yako), na picha nilizopiga siku ya kuingia. Picha hizo nilimtumia keateka siku ileile, kwa hiyo zilikuwa kwenye simu yake pia, na tarehe yake. Nikampa mwenye nyumba siku 14. Mwisho nikaandika: "Naomba tukutane ndani ya nyumba, tupime pamoja."

Alikubali. Akachagua Jumamosi saa nne. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumamosi ndiyo siku yetu ya mgao wa maji.

Nilifika na tepu ya kupimia, ya mita 5. Mzee mwenye nyumba alikuja na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani, na keateka nyuma yake na spana ambayo hakuna aliyeiomba. Tulibisha hodi, kwa sababu nyumba ilikuwa tayari na mpangaji mpya. Mama Brayo alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Karibuni. Mnakuja kupaka rangi?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

Ukutani palikuwa na ule mstari wa kijivu wa mgongo wa kochi langu, na juu yake mraba mweupe nilipokuwa nimetundika kalenda. Rangi ya 7,600 na fundi wa 3,000 walikuwa hawajafika. Mama Brayo akaeleza, bila kuulizwa, kwamba alipolipa depoziti yake keateka alimwambia akitaka rangi anunue mwenyewe.

"Itapakwa," mzee akasema. "Na mkataba unasema makoti mawili, rangi ya daraja la kwanza."

Hapo alikuwa na hoja, lazima niseme. Kipengele hicho kimo katika mikataba mingi ya Nairobi, watu hunakiliana tu. Ndiyo maana sikubishana na neno rangi. Nilibishana na ndoo. Nilimpa keateka ncha moja ya tepu tukapima: chumba mita 4 kwa 3, kimo mita 2.6. Kuzunguka kuta ni mita 14, mara 2.6 unapata mita za mraba 36.4. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1, toa dirisha la 1.5 kwa 1.2, zinabaki kama 32.7. Bafu lina vigae hadi juu, halihesabiwi. Makoti mawili ni mita 65 na kitu. Rangi ya maji, kwenye ukuta uliokwisha kupakwa, lita moja inakula karibu mita 10. Kwa hiyo ni lita 6.5, tuseme 7 kwa sababu fundi naye humwaga.

"Mzee, ndoo mbili ni lita 40. Zingepaka nyumba hii mara sita. Kwa bei yako mwenyewe ya 190 kwa lita, lita 7 ni 1,330."

Mama Brayo akazima jiko ili asikie vizuri.

Misumari ilikwisha upesi. Shimo la msumari, upana milimita 4 na kina sentimita 2.5, ni theluthi ya mililita. Mashimo manne hayajazi kijiko cha chai cha fila, ile ya kuzibia ukuta. Shilingi 1,200 kwa robo kijiko! Hata zafarani haijafika hapo. Kitasa nacho: kubadilisha kitasa mpangaji anapotoka ni usalama wa mwenye nyumba na wa anayeingia, na mimi funguo nilirudisha zote. Tena Mama Brayo alitoa funguo zake, na moja ilikuwa na kipande cha utepe wa bluu nilichokifunga mimi. Kitasa kilikuwa kilekile. Mzee akamtazama keateka. Keateka akaitazama spana.

Kioo kilihitaji maelezo zaidi, na hapa wapangaji wengi hulipa bure. Dirisha ni la chuma, kioo kimeshikwa na paki, ule udongo laini wa mafundi unaokauka ukawa mgumu. Ufa ulianzia kwenye kona ya chini kushoto ukapanda kwa mshazari. Kioo kilichopigwa na mpira au kiwiko huwa na kitovu pale kilipogongwa, na nyufa hutawanyika kutoka hapo. Hiki hakikuwa na kitovu. Paki ilikuwa imekauka ikabanduka, mvua ikaingia, na chuma kikiota kutu huvimba: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Haina pa kwenda, inasukuma kioo. Niliingiza ncha ya kalamu kwenye ile kona, kikadondoka kipande cha kutu cha ukubwa wa kucha. Na ufa ulikuwemo kwenye picha za siku ya kuingia, mfupi zaidi, umefika nusu.

"Sawa, kioo tuache," mzee akasema. "Lakini sinki! Sinki uliziba wewe. Baba Ciku alizibua kwa mikono yake."

"Nilizibua," keateka akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba mada ibadilishwe.

"Mbona mimi nikiosha vyombo maji hayashuki?" Mama Brayo akauliza. "Tena asubuhi hii yamepanda yenyewe, na mimi hata chai sijaosha."

Tulisogea kwenye sinki. Lilikuwa na maji ya rangi ya mchuzi, na yalikuwa yanapanda polepole bila mtu kufungua mfereji. Nikamwambia mzee asiruhusu liguswe. Ploti ina ghorofa sita, na masinki yote ya upande ule yanashuka kwa bomba moja la inchi 2 hadi kwenye chemba ya nje. Mafuta ya kupikia hushuka yakiwa ya moto, yakifika chini hupoa na kuganda, na bomba likizibwa kati ya sinki la chini na chemba, maji ya wote waliopo juu hutafuta tundu la karibu. Tundu la karibu ni sinki la chini kabisa. Kuzibua sinki lenyewe hakusaidii kitu, unazibua dirisha ilhali mlango ndio umekwama. Dawa ni kufunua chemba na kuingiza waya wa kuzibulia kutoka nje.

"Wapangaji siku hizi ni mainjinia wote," mzee akasema. "Baba Ciku, fungua tuone uchafu wa huyu kijana."

"Mzee, weka beseni kwanza," nikasema.

"Beseni la nini? Fungua!"

Mtego wa sinki, ile chupa ya plastiki iliyo chini, hufunguliwa kwa mkono tu, kinyume cha saa. Keateka akatumia spana. Akazungusha mara moja, mara mbili, akaung'oa mzima pamoja na kipande kinachoingia ukutani. Jambo ambalo hakulifikiria ni hili: midomo ya sinki iko juu, sentimita 90 kutoka sakafuni, na hadi hapo maji yalikuwa hayajafika. Tundu la ukutani liko sentimita 40. Ukiling'oa lile bomba, umewafungulia ghorofa tano njia ya chini zaidi. Na ilikuwa siku ya maji. Juu, kila nyumba ilikuwa inaosha sufuria za wiki nzima.

Yalitoka kwa mkupuo, unene wa mkono, moja kwa moja hadi kwenye goti la ile suruali ya kijivu. Mzee aliruka nyuma akakutana na kabati. Keateka akaziba tundu kwa kiganja, maji yakamtokea pembeni ya vidole na kumwingia kwenye mkono wa shati. Sukuma wiki ikapita. Magamba ya samaki yakapita. Kikafuata kipande cha ukoko wa ugali, kikatua juu ya kiatu cha kanisani na kukaa hapo.

"Mimi leo sijapika ugali," Mama Brayo akasema, akiwa ameshapanda juu ya kitanda na simu yake inarekodi.

"Funga! Funga!" mzee akapiga kelele.

"Natafuta, mzee!" Keateka alikuwa anapapasa sakafuni akitafuta chupa ya mtego, ambayo ilikuwa inaelea kuelekea mlangoni. Nilimpa beseni. Lilijaa kabla hajashukuru. Ilibidi nitoke uani na kuwaita watu wa juu wafunge mifereji, na kuna dada wa ghorofa ya tatu aliyenijibu kwamba maji yamekuja baada ya siku nne na yeye hafungi hata akija gavana.

Yalipopungua, tulifunua chemba. Bomba lilikuwa na kizibo cha mafuta meupe yaliyoganda, na katikati yake vipande vya saruji na grauti ya vigae. Ni mabaki ya mafundi waliojenga. Yalikuwa humo tangu ploti haijapata mpangaji hata mmoja, mafuta yakaja kuyashika baadaye.

Tulimalizia hesabu tukiwa tumesimama uani, mzee amekunja suruali hadi magotini. Stima ni ya tokeni, unalipa kabla ya kutumia, hivyo hakuna bili iliyobaki na 2,000 zinarudi kamili (uniti nilizoacha kwenye mita Mama Brayo alizila, na zimfae). Rangi haikupakwa. Kitasa, kioo, misumari, sinki, vyote chini. Usafi nilifanya na picha ninazo. Maji 420, uniti 3 kwa 140, ni haki yake, na mita tuliisoma pamoja siku ya funguo. 16,500 toa 420 ni 16,080.

"Elfu kumi leo, iliyobaki mwisho wa mwezi," mzee akasema.

"Zote leo, mzee wangu, nikuandikie risiti hapa hapa."

Alitoa simu, akaipangusa kwenye shati kwa kuwa suruali haikuwa na mahali pakavu. Meseji ikaingia: 16,000. Nikamuuliza kuhusu 80.

"Ya kutuma," akasema.

Mama Brayo alikuwa ameshuka kitandani. Aliniomba tepu, akamwita keateka ashike ncha ya pili, akaanza kupima mstari wa kochi langu.