Hamasa isiimeze bashasha

Siku hizi mgeni akishuka stesheni ya Tabora au bandarini Kigoma, taarifa husema "amepokewa kwa hamasa". Bashasha, neno lililozoea kazi hiyo, linasukumwa pembeni. Hasara ipo, ingawa wanaoitetea hamasa nao wana hoja.

Yote mawili yametoka Kiarabu. Kule hamasa ni joto la ushujaa, hasa wa vitani. Diwani aliyoikusanya mshairi Abu Tammam katika karne ya 9 imechukua jina hilo kwa sababu sura yake ya kwanza ni ya mashairi ya ushujaa. Bashasha ni ukunjufu wa uso mbele ya mtu. Halina undugu na bashiri, wala hamasa haina undugu na hamaki, hata kama masikio yanadanganyika.

Wanaosema hamasa itoshe wanaegemea sarufi, na hapo wamesimama imara. Neno hilo limezaa hamasika, hamasisha, mhamasishaji, uhamasishaji. Bashasha ni tasa: bwana shamba anayetaka watu wa Kigoma waongeze michikichi hawezi "kumbashashisha" mkulima. Tena, wanauliza, ikiwa hamasa ilishatoka vitani ikaingia kwenye kampeni za chanjo, mapokezi yana kosa gani?

Kosa linaonekana ukiuliza: hamasa ya kufanya nini? "Hamasa ya kupanda michikichi" inasimama. "Bashasha ya kupanda michikichi" inaanguka, kwa kuwa bashasha haidai tendo. Inamtazama mtu tu. Muuza karanga wa Tabora akiitikia salamu ya "mwangaluka" kwa uso mkunjufu, ukaandika kwamba ana hamasa, msomaji atangoja aambiwe anataka kufanya nini. Umati unaodai meli irudi safarini una hamasa. Ndugu wanaopokeana gatini wana bashasha. Ukitumia neno moja kwa wote, umeficha habari yenyewe.

(Ari nayo hutiwa kapu hilohilo. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya aibu: aliyeona ari hujituma asifedheheke tena. Ukunjufu haumo.)

Kwa hiyo hamasa iendelee kupanuka kwenye kampeni, mikutano na viwanja vya mpira, ila salamu na mapokezi tuyaachie bashasha. Yakitokea yote, yaandikwe yote: "Walimpokea kwa bashasha, wakatoka mkutanoni na hamasa ya kuchimba kisima."